Santuri ya Kijana Mzuri

Kaka yangu Glenroy alizionea wivu santuri zake kuliko mwanamume anavyomwonea wivu mke. Hapo ni Wolverhampton, Uingereza, mwaka wa themanini na tatu, muziki mpya wa mashine ulipokuwa ukitua kwa ndege kutoka New York, nakala chache chache, na ngoma zake za umeme na sauti zake za roboti. DJ aliyeipata santuri kabla ya wenzake ndiye aliyekuwa mfalme wa Jumapili, siku tuliyocheza kuanzia adhuhuri katika ukumbi wa Rosemount mpaka magoti yakagoma.

Adui yake mkubwa alikuwa Errol Gayle, DJ wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa akisimama karibu na mashine za kuchezea santuri, shingo nje kama bata, asome majina ya santuri akaagize za kwake. Ndipo Glenroy akaamua kuyafunika majina yote kwa karatasi nyeupe. Jumamosi alikaa jikoni na kopo la gundi akabandika, akabandika, hata hatazami anachobandika. Hivyo ndivyo santuri ya Mama ilivyoingia kwenye kreti. Ilikuwa santuri ya kufundishia ndege kuongea. Mama alikuwa na kasuku mdogo wa kijani aitwaye Desmond, jina la mchumba wake wa zamani kule Jamaika, na Baba hakuwahi kuuliza.

Jumapili ukumbi ulijaa mpaka kuta zikatoka jasho. Glenroy akashika maikrofoni.

"Sikilizeni! Hii imetua Ijumaa. Uingereza nzima hakuna mwenye nayo!"

Akaishusha sindano. Kwenye mashine ya pili ngoma za umeme zilikuwa bado zinaunguruma, na juu yake ikapanda sauti ya mwanamke, ya baridi, kama ya mwalimu wa shule ya matajiri.

"Kijana mzuri ni nani?"

Akanyamaza kidogo.

"Kijana mzuri ni mimi."

Akanyamaza tena.

"Kijana mzuri ni nani?"

Nilikuwa nimesimama nyuma ya Glenroy, nikaona masikio yake yanavyobadilika rangi. Mkono ukaenda kuinua sindano. Lakini vijana wa katikati walikuwa wameshaanza kukakamaza viungo, kiwiko kinakwenda huku, shingo inakwenda kule, na swali liliporudi ukumbi mzima ukajibu kwa sauti moja: "KIJANA MZURI NI MIMI!"

"Rudia!" wakapiga kelele. Akarudia. Angefanya nini?

Tulipofika nyumbani akajitupa kwenye ngazi, kichwa mikononi.

"Marva, nimewapigia watu somo la kasuku."

"Na wamelipenda."

"Hilo ndilo linaloniua! Mimi nahangaika, nasikiliza muziki mpaka masikio yanavimba, halafu kitu walichokipenda kuliko vyote ni cha Mama!"

Mama akatoa kichwa jikoni. "Basi ujue mama yako ana masikio. Na unirudishie santuri yangu, Desmond hajamaliza upande wa pili."

Wiki ile mji ulichanganyikiwa. Vijana walikwenda mpaka Birmingham kuiulizia. Muuza santuri mmoja, kwa kuwa hakutaka kuonekana mshamba, akawaambia alikuwa nayo na imekwisha. Mwingine aliapa kwamba yule mwimbaji ni jirani wa binamu yake kule Bronx, na kwamba ana majivuno. Errol akatangaza kuwa anayo nyumbani, ila anaipumzisha.

Jumatano Errol huyohuyo akabisha hodi kwetu, ameshika sambusa za nyama za Kijamaika, bado za moto.

"Mama Glenroy, za leo? Nimekuletea kitu kidogo." Kisha akamgeukia Glenroy. "Kaka, tuache utoto. Nitajie jina tu."

Glenroy alikuwa amechoka kubeba lile jambo peke yake. "Errol, ni santuri ya kufundishia ndege."

"Nimekuja kwa heshima, na wewe unanifanya mjinga mbele ya mama yako?"

"Haki ya Mungu—" alitaka kuapa, lakini kabla hajafika mbali sauti nyembamba ikatoka jikoni: "Kijana mzuri ni mimi."

Errol akaenda polepole mpaka kwenye tundu la kasuku. Desmond akamtazama kwa jicho moja. Errol akamtazama kwa yote mawili. Nikaona wazo linamwingia, wazo baya.

"Kumbe ndiye yeye," akanong'ona. "Ndiye mwimbaji."

"Huyo ni kasuku!" Glenroy akafoka.

"Ndiyo maana mmemficha! Glenroy, sikiliza. Tumpandishe jukwaani, mimi na wewe, pamoja."

Glenroy akafungua mdomo kukataa. Halafu akaufunga. Nadhani alifikiria kwamba kama lazima aaibike, afadhali aaibike na Errol.

Mama alikubali kwa masharti. Tundu atalibeba mwenyewe, mtu asivute sigara, na spika zile kubwa zigeuzwe upande wa mlango. Jumapili akaja na kofia yake ya kanisani, akaweka tundu katikati ya mashine mbili, Errol akasogeza maikrofoni kwenye nyaya za tundu. Ngoma za umeme zikaanza. Watu wakasubiri. Desmond akajitazama kwenye kioo chake, akajikuna.

"Desmond, mzee wangu," Errol akambembeleza, jasho likimtiririka, "usinitie aibu mbele za watu."

Desmond akainua kichwa. Akasema kwa sauti nzito, ya mwanamume aliyekata tamaa:

"Nani amekula jibini yangu?"

Hiyo ilikuwa sauti ya Baba. Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha makufuli na hakuwa mtu wa maneno, lakini kila asubuhi alikuwa akifungua friji na kuuliza hilo, na hakuna aliyewahi kumjibu. Sasa ukumbi mzima ulimjibu. "NANI? NANI? NANI AMEKULA JIBINI YANGU?" Waliruka, walizunguka kwa mgongo sakafuni, msichana mmoja akalia. Mama akasimama imara kando ya tundu, akipokea pongezi kama mama wa bwana harusi.

Baba alipoambiwa hakucheka. "Wananisema mbele za watu?" Jumapili iliyofuata akavaa koti lake la kazini akaenda kuwakabili. Glenroy, kwa woga, akampa maikrofoni. Baba akaeleza habari ya jibini tangu mwanzo: aina yake, alikoinunua, alivyoifunga kwenye karatasi, na nani na nani aliokuwa akiwashuku, mimi nikiwemo. Chini ya sauti yake ngoma zilipigwa, na watu wakamchezea mpaka alipomaliza.

Alirudi nyumbani sauti imemkauka. Akanywa chai, kisha akamuuliza Glenroy wiki ijayo wanaanza saa ngapi.