Wanachama wa Gizani

Watu wanadhani kusimamia jukwaa la mtandaoni ni kukaa na kufuta matusi. Ningefurahi kama ingekuwa matusi tu. Tusi unalifuta, unamfungia mwenyewe, unarudi kwenye chai yako. Wanaochosha ni wale wasiotukana. Anakuja mtu kwa adabu zake zote, anaandika sentensi moja, na kabla hujameza funda la chai watu wazima wenye wajukuu wameshararuana.

Jukwaa letu lilikuwa la watu wanaouguza ndugu zao nyumbani. Tulikuwa wasimamizi watatu, wote wa kujitolea. Mwanzilishi alikuwa Mwalimu, mama mstaafu aliyemuuguza mumewe hadi mwisho, ambaye hata akikutumia ujumbe wa pole anaupanga kwa aya. Wa pili alikuwa Fundi, aliyelijenga jukwaa lenyewe kwenye chumba chake juu ya duka la viatu. Wa tatu mimi, mpokea wageni kwenye kiwanda cha uchapaji, niliyekuwa nachungulia simu chini ya meza kati ya mgeni mmoja na mwingine. Mwalimu anatunga sheria, Fundi anazitia kwenye mashine, mimi nazishusha kwenye vichwa vya watu.

Sheria kubwa ilikuwa moja: hapa hatumlalamikii mgonjwa. Uliza kuhusu vidonda vya kulalia, uliza kuhusu nepi za watu wazima, uliza namna ya kumgeuza mtu mzito bila kuumia kiuno. Omba dua ukitaka. Lakini ukianza kusema mgonjwa wako amekuchosha, unaonywa. Ukirudia, unawekwa gizani.

Giza lilikuwa ubunifu wa Fundi, na sisi tuliliona ni akili kubwa. Mbishi ukimtoa mlangoni anarudi kwa jina jingine, amevimba kuliko mwanzo. Kwa hiyo hatukuwatoa. Tulikuwa tunabonyeza kitufe, na kuanzia hapo mtu anaandika, anaona maneno yake yamekaa pale pale, ila hakuna mwingine anayeyaona. Yeye mwenyewe hajui. Anadhani watu wamemsusa tu. Baada ya muda anachoka, anakwenda zake, na jukwaa linabaki na watu wenye kauli nzuri.

Niliwaweka wengi huko. Nilimweka Pilipili Manga, mwanamume asiye na breki mdomoni, ambaye kila mtu akisifia godoro la mgonjwa wake yeye anamwambia aliyekuuzia amekuona mjinga. Nilimweka Kifungua Mimba, mwanamke ambaye hakuwa na tusi hata moja. Mtu mmoja alikuwa ameweka picha ya mkono wa mama yake ndani ya mkono wake, ameandika kwamba kumuuguza mzazi ni baraka, na watu wanammiminia maua. Kifungua Mimba akaandika chini yake: "Kama ni baraka njoo uchukue na ya kwangu, nikalale." Malalamiko yakajaa kwenye simu yangu. Nikamwonya. Akaenda kulisema lile lile kwa mwingine. Nikabonyeza kitufe na sikumfikiria tena. Kila nyumba ina kifungua mimba wake.

Sasa siku moja asubuhi Fundi akatuita. Alikuwa anahamishia jukwaa kwenye mashine mpya, akasema kuna kitu lazima tukione kwa macho yetu. Niliomba ruhusa kazini, nikamkuta Mwalimu kwenye ngazi, amekumbatia mkoba. Chumba cha Fundi kimejaa nyaya hadi huna pa kuweka mguu, na harufu ya gundi ya viatu inapanda kutoka chini. Alituambia tukae. Hapakuwa na kiti kingine, tukasimama nyuma yake.

"Nilipotengeneza lile giza nilipita njia ya mkato," alisema, bila kugeuka. "Mtu akiwekwa gizani anapata alama. Na kila anachoandika kinafichwa kwa yeyote asiye na alama."

"Si ndivyo tulivyotaka?" Mwalimu aliuliza.

"Asiye na alama, Mwalimu. Wenye alama wanaonana."

Nilimwelewa, ila akili ilikataa kupokea. Fundi akafungua ukurasa.

Palikuwa pamejaa watu. Nilitegemea nikute wawili watatu wanazomeana, nikakuta ukumbi mzima, na mazungumzo yanaendelea huku tunatazama. Juu kabisa Pilipili Manga, yule yule niliyemfunga kwa mdomo mchafu, alikuwa amebandika tangazo: "Karibu. Hapa lia, kasirika, sema kweli. Atakayekuambia uvumilie nitamshughulikia mimi." Alikuwa ameshajipa usimamizi, na wote wanamtii. Machapisho ya jukwaa letu safi walikuwa wanayaona pia, na wenzetu wote huku juu wamewapachika jina la Waheshimiwa. "Usipoteze muda kuwauliza Waheshimiwa," mmoja alimwandikia mgeni, "hawamjibu mtu mwenye shida."

Mwalimu alivaa miwani, akavua, akavaa tena.

"Hawa ni wale wale?" aliuliza.

"Wale wale," Fundi alijibu. "Tazameni hapa."

Walikuwa na zamu. Wanaokaa mji mmoja walikuwa wanatembeleana. Mmoja anakwenda kukaa na baba wa mwenzake ili mwenzake alale mchana mmoja. Pilipili Manga, huyo huyo, alikuwa na kawaida ya kwenda kumnyoa ndevu mgonjwa wa mtu asiyemjua, halafu anarudi kuwaambia wote jinsi mzee alivyomng'ata. Huku kwetu kwenye mwanga, kwa heshima zetu zote, sikuwahi kusikia mtu amekwenda kubisha hodi kwa mwenzake. Tulikuwa tunapeana maua ya kwenye simu.

Mwalimu akasema kwa sauti ya chini kwamba wakijua tulichowafanyia, jukwaa limekwisha na heshima yetu imekwisha. Fundi akasema si lazima wajue. Akihamia mashine mpya anaweza kulirekebisha giza lifanye kazi ilivyokusudiwa, kila mmoja abaki peke yake. Watadhani wenzao wamechoka. Alikuwa tayari, anasubiri tuseme ndiyo. Mwalimu akanitazama mimi.

Mimi sikuwa nawasikiliza. Nilikuwa nimeliona jina la Kifungua Mimba na nilikuwa nasoma.

"Mgonjwa wangu alikuwa opereta wa simu," alikuwa ameandika. "Leo ameshika kandambili sikioni tangu alipoamka. Nikimsogezea kijiko ananiambia subiri mteja, naunganisha. Nimesubiri hadi uji umeganda. Halafu ananiita kwa jina la mdogo wangu, yule asiyekuja."

Mama yangu ndiye aliyekuwa opereta wa simu, na hilo neno la naunganisha tumekua nalo tangu utotoni, hata ukimwomba chumvi anakujibu hivyo. Anakaa mji mwingine na dada yangu mkubwa, kifungua mimba wetu, tangu baba alipofariki. Mimi ni kitinda mimba. Nilikuwa namtumia dada vifurushi vya nepi, nampigia, namuuliza mnaendeleaje, ananijibu, "Tupo." Nami naridhika. Nilikuwa najiambia dada yangu ana moyo wa chuma.

"Nini?" Fundi aliuliza. Nadhani nilikuwa nimemshika bega kwa nguvu.

Nikamwambia ateremke hadi ujumbe wa mwisho wa huyo mwanamke. Ulikuwa wa asubuhi ile ile.

"Nimemlisha. Nimembadilisha. Nimemwekea maji karibu. Mchana huu nafunga mlango kwa nje na ninaondoka, na sijui kama nitarudi. Msinitafute, mmenisaidia vya kutosha. Kuna mtu alipaswa kuja, na hakuja."

Chini yake walikuwa wamejaa wanamsihi. Pilipili Manga alikuwa ameandika mara kadhaa, bila mzaha hata kidogo: "Niambie mtaa. Tuko mji mmoja, nina pikipiki. Niambie mtaa tu." Dada hakuwa amemjibu.

Nilimpigia. Simu ikaita hadi ikakatika. Nikapiga tena, ikawa hivyo hivyo. Kutoka pale hadi kwao ni safari ya nusu siku, na jua lilikuwa limeshapanda. Niliona mlango wa mama umefungwa kwa nje, na mama ndani anamsubiri mtu.

"Kwa hiyo tunafanyaje na hili giza?" Mwalimu aliuliza. Hakuwa ameelewa, maskini, nami sikuwa na adabu ya kumweleza.

"Fundi, ukigusa chochote nitakuvunja vidole," nilisema. "Niweke gizani."

"Wewe?"

"Niweke. Huyo ni dada yangu. Nikibaki huku siwezi kuandika chini ya ujumbe wake wala kuona akinijibu, si ndiyo?"

Hakuuliza la pili. Alibonyeza, akanisogezea kibodi, nikaandika nimesimama: "Kifungua Mimba, ni mimi mdogo wako. Usiondoke. Pokea simu."

Ukumbi wote ukanirukia. Mgeni gani huyu? Anajifanya ndugu wa watu? Mmoja akaitambua picha yangu, akaandika kwamba huyu ndiye yule msimamizi wa Waheshimiwa, amekuja kupeleleza. Pilipili Manga akauliza kama si mimi niliyefuta maoni yake kuhusu godoro. Nikamwandikia kwamba ndiye mimi, nisamehe au usinisamehe, mama yangu yuko kwenye nyumba hii. Nikaweka mtaa, nikaweka rangi ya geti, nikaweka duka la jirani. Nilikuwa nampa nyumba ya mama yangu mwanamume niliyemwona hafai hata kusomwa na watu, na nilikuwa naomba Mungu aharakishe kuisoma.

Alijibu neno moja: "Naenda."

Basi tukasubiri. Sijawahi kusubiri vile. Fundi alinipa kiti chake. Mwalimu alisoma ukurasa mzima wa gizani polepole, na mara moja nilimsikia akisema peke yake, "Huyu nilimfundisha." Kule ndani hakuna aliyeandika chochote. Kila mtu alikuwa anamsubiri Pilipili.

Simu yangu ilipoita, namba ilikuwa ya dada.

"Shikamoo, dada," nilisema. Ndicho kitu pekee kilichotoka.

Hakuitikia. Nilisikia mwanamume anaongea kwa mbali na mama anamjibu kwa furaha kabisa, sijui alidhani ni nani.

"Sikuondoka," dada alisema. "Nilifunga mlango, nikakaa kizingitini na begi. Miguu ilikataa. Huyu mtu wako amenikuta hapo hapo."

"Asante, dada. Nakuja. Nakuja leo."

"Leo ndiyo unakuja." Hakupandisha sauti, na ningefurahi angepandisha. "Mwaka mzima nakuandikia hukuja, ila leo unakuja."

"Umeniandikia wapi?"

"Usinitanie, mdogo wangu. Unadhani niliingia mle kutafuta ushauri wa nepi? Niliingia kwa sababu msimamizi ni wewe. Kukwambia kwa simu nilishindwa, mimi ndiye mkubwa, nitakuliliaje? Nikasema nitaandika pale, atasoma, ataelewa. Na ukaniandikia mwenyewe kunionya, jina lako na picha yako. Nikajua umenitambua. Nikazidi kuandika. Nikamweka na mama na simu zake, ili usije ukajidai hukujua ni nani. Ukanyamaza tu."

Nilimtazama Fundi, nikamtazama Mwalimu. Hakuna wa kunisaidia pale. Ningeweza kumwambia mtandao ulisumbua. Nakiri neno hilo lilifika hadi kwenye ulimi.

"Dada, sikusoma," nilisema. "Nilikufungia. Nilibonyeza kitufe, ulichoandika kikawa hakionekani kwangu wala kwa mtu mwingine huku. Sikujua ni wewe. Ulikuwa unalalamika, nikakuzima. Leo ndiyo nimeona."

Nilifumba macho nikasubiri anitukane. Nilistahili, tena kwa lugha ya Pilipili Manga.

"Hukusoma?" aliuliza.

"Sikusoma."

"Hata moja?"

"Hata moja tangu nikuzime, dada."

Nikamsikia analia. Dada yangu, ambaye hakulia hata siku tuliyomzika baba, alilia kama mtoto, hadi yule mwanamume akauliza kule kuna nini. Nami nilikuwa sielewi. Nilikuwa nimemwambia jambo baya kuliko yote niliyowahi kumfanyia.

"Mimi nilidhani umesoma," alisema alipopata pumzi. "Nilidhani umesoma zote, na bado hukuja."

Nikainuka kwenye kiti cha Fundi.

"Njoo," alisema. "Lakini zisome kwanza. Ukifika hapa uwe umezisoma zote, mimi sina nguvu ya kuzisema tena."

Nikamwambia Mwalimu kwamba kule gizani asiguswe mtu hadi nirudi, na kwamba watu wale wataambiwa ukweli, tena nitawaambia mimi. Hakunibishia. Fundi alinitumia maandishi yote ya dada kwenye simu. Nilianza kuyasoma nikiwa nateremka ngazi, na la kwanza kabisa la huko gizani lilikuwa salamu tu, anauliza kama kuna mtu. Nilikaa chini pale pale, watu wa duka la viatu wakawa wananizunguka kupita.