Adui Anatoka Kaskazini

Jumapili ya pili ya kambi, saa saba mchana, Émérance aliwahesabu wanafunzi wake mezani mara tatu, na mara zote akapata ishirini na mmoja. Walipaswa kuwa ishirini na wawili. Sahani ya maharagi iliyobaki bila mtu ilikuwa ya Nishimwe, binti kutoka kijiji cha Kibati, mwenye miaka kumi na sita, ambaye asubuhi ile aliomba ruhusa ya kwenda kusali kwao na kurudi kabla ya chakula. Ruhusa yenyewe Émérance ndiye aliyeiandika.

Ilikuwa Agosti 2022. Waasi walikuwa wamekaa Bunagana tangu Juni, na kila juma watu walizidi kushuka kutoka Rutshuru na magodoro vichwani. Lakini pale mjini, mtaa wa Murara, katika shule moja ya masista iliyofungwa kwa vakansi kubwa ya mwaka, wanafunzi hao walikuwa wakilala pamoja dortoari kwa wiki tatu na kujifunza kutengeneza michezo ya kompyuta. Wazazi wengine waliwaleta kwa sababu walisikia kuna mashine. Wengine waliwaleta kwa sababu shule ina ukuta mrefu.

Émérance, mzaliwa wa Butembo, alikuwa na miaka ishirini na sita, na hiyo ilikuwa kazi yake ya kwanza tangu amalize masomo ya enformatiki. Aliifanya kwa moyo wote. Ijumaa aliwapa zoezi: kila mmoja achore ramani ya mahali anapopajua.

"Msichore kwa macho," aliwaambia. "Choreni kwa miguu. Nendeni mkahesabu hatua. Mchezo ambao njia zake ni za uongo, mchezaji anauacha."

Wengine walihesabu hatua za uwanja wa shule. Nishimwe hakuwa mtu wa kufanya kitu nusu. Mchezo wake ulihusu usiku wa volkano ya mwaka uliopita, na msichana mmoja anayejaribu kumteremsha ng'ombe wa baba yake kutoka Kibati hadi mjini kabla moto haujakata barabara. Ng'ombe huyo alikuwa mkaidi. Ukimvuta sana anakaa chini, ukimwacha anarudi zizini. Darasa zima lilijaribu kuucheza, na hakuna aliyewahi kufika mjini.

Saa tisa mtu wa pikipiki aligonga geti. Alisema kwa haraka, bila kuzima injini: askari wa baria, kile kizuizi cha barabarani cha Kibati, wamemkamata msichana mwenye sketi ya buluu. Alikuwa anatembea barabarani huku akihesabu kwa sauti na kuandika kwenye kaye, daftari lake. Wamemshusha mjini, kwenye ile ofisi ya usalama. Watu wa pale wanasema ni mpelelezi wa waasi.

Émérance alikimbia hadi kwa Papa Adalbert, mkurugenzi wa kambi. Alimkuta ameshapigiwa simu. Alikuwa amesimama nyuma ya meza yake, mikono imeshika ukingo wa meza kama mtu aliye kwenye mtumbwi.

"Wamenisomea ile kaye," alisema. "Unajua imeandikwa nini? 'Adui anatoka kaskazini, saa moja jioni. Anakata barabara nyuma ya kanisa. Hatua elfu moja mia moja arobaini. Ukichelewa, wote wanakufa.' Mimi ningekuwa askari ningefanya nini, Émérance?"

"Papa, adui ni volkano! Ni mchezo wake, wewe mwenyewe uliuona!"

"Niliuona. Bo, wale askari, hawakuuona. Na mutoto ni wa Kibati, na kwao wanasema Kinyarwanda, kama wale waasi. Siku hizi hiyo peke yake inatosha." Alivuta karatasi. "Nina watoto ishirini na mmoja hapa. Wakija wakakuta ramani ishirini na moja, tutafungwa wote, na watoto pia. Saini."

Karatasi ilisema kwamba Nishimwe aliondolewa kambini tangu Ijumaa kwa utovu wa nidhamu, na kwamba kambi haikujua mienendo yake. Kulikuwa na sehemu mbili za saini. Yake Papa Adalbert ilikuwa imeshakauka.

Émérance alisema hapana. Kisha nje akasikia vishindo, akachungulia. Mlinzi alikuwa anakusanya ramani za wanafunzi na kuzitia motoni jikoni, moja baada ya nyingine, na wanafunzi wamejipanga kimya kama watu wanaosubiri sindano kliniki. Ni Paulin tu, kijana wa darasa la sita la sekondari, aliyefungua mdomo: "Kumbe ndiyo maana alikuwa anahesabu. Wale watu ni wamoja tu." Hakuna aliyemkanya. Mtoto mdogo kuliko wote, mwenye miaka kumi na minne, alianza kulia akiita mama yake.

Émérance alirudi mezani akasaini.

Usiku ule hakulala. Asubuhi alipovaa viatu alikuwa bado hajaamua chochote, alijua tu kwamba hawezi kuingia darasani. Aliichukua mashine ya namba tisa, ile ambayo Nishimwe alifanyia kazi, akaifunga ndani ya kitenge kama mtoto mchanga, akatoka kwa mlango wa jikoni. Hakuaga mtu.

Nje ya ofisi ile, kando ya geti, mwanamke alikuwa ameketi juu ya jiwe jeusi la volkano, viatu vyake amevipanga mbele yake. Émérance alimtambua, ndiye aliyemleta Nishimwe siku ya kwanza. Aliitwa Mama Pascasie.

"Mwalimu," alisema, bila kusimama. "Nimelala hapa. Baba yake nilimukataza kuja. Mwanaume wa kwetu akiingia pale ndani, hatoki. Niambie kitu kimoja. Nani alimutuma mutoto apime njia?"

Émérance alichuchumaa mbele yake.

"Njo mimi nilimutuma, Mama. Ilikuwa zoezi."

Pascasie alimtazama. Émérance alingoja tusi, au kofi; angelipokea kwa shukrani.

"Basi ingia wewe," Pascasie akasema. "Mimi nikifungua mudomo, watasikia lugha yangu tu. Ingia, mwalimu. Mimi sina mutu mwingine."

Walimweka kwenye benchi tangu saa mbili hadi saa sita. Watu walipita wakimtazama yeye na kitenge chake. Mara moja, nyuma ya ukuta, alisikia mtu anapigwa, mapigo ya taratibu yenye nafasi kati yake, na hakuweza kujua kama ni mwanamume au msichana. Alianza kusali Salamu Maria, akajikuta anahesabu mapigo badala ya sala.

Chefu aliyempokea hakuwa mtu wa kelele. Alikuwa na miwani na mafua, na mbele yake palikuwa na kaye ya Nishimwe, na juu ya kaye, karatasi ya Papa Adalbert.

"Hii ni saini yako?"

"Ndiyo, Chefu."

"Inasema huyu si mwanafunzi wenu tangu Ijumaa. Sasa umekuja kufanya nini?"

"Ni uongo, Chefu. Nilisaini kwa woga. Ni mwanafunzi wangu, na mimi njo nilimuambia ahesabu hatua. Ruhusa ya kutoka niliiandika mimi, jana asubuhi. Kama kuna kosa, ni langu."

Chefu alipenga kamasi polepole. "Kwa hiyo nina mpelelezi mmoja au wawili?"

Émérance alifungua kitenge, akaiwasha mashine. Betri ilionyesha asilimia kumi na moja. Umeme ulikuwa umekatika mjini tangu asubuhi. Alikosea neno la siri mara mbili.

"Cheza," Chefu akasema, akaifungua kaye, akashika kalamu.

Kilima kikatokea, na kanisa, na nyumba za mbao. Chefu alifuatisha kwenye kaye kwa ncha ya kalamu. Kanisa, ndiyo. Kona, ndiyo. Mahali palipoandikwa "hapa hakuna kupita," ambapo sasa ilikuwa baria ya askari, kwenye kioo palikuwa na mto mwekundu umelala juu ya barabara. Émérance alimvuta ng'ombe, ng'ombe akakaa. Akamsubiri. Moto ukashuka kutoka juu, kutoka kaskazini, saa ya mchezo ikionyesha saa moja na dakika nane, ukamfunika msichana na ng'ombe wake. Akaanza tena. Akafa tena. Asilimia sita.

"Mtu yeyote anaweza kuficha mpango ndani ya mchezo," Chefu alisema. "Na Bihogo ni nani?"

"Nani, Chefu?"

Alimgeuzia kaye. "'Bihogo anasimama hapa, hataki kushuka.' Jina hili limo mara kumi na nne. Tumemuuliza msichana usiku kucha Bihogo ni komanda wa wapi. Anasema ni ng'ombe. Unafikiri sisi ni wapumbavu?"

Émérance hakulijua jina lile. Nishimwe hakuwahi kulitaja darasani. Mashine ilizimika mbele yake, kioo kikawa cheusi, naye akajiona ndani yake, na akahisi kila kitu kinamtoka mikononi. Alipiga magoti.

"Mama yake iko nje, Chefu. Mumuulize yeye. Bila kumuambia kitu. Mumuulize tu Bihogo ni nani."

Chefu alimtazama pale chini, kisha akaita askari.

Pascasie aliingia bila viatu. Alipoulizwa, alimtazama Émérance kwanza, kana kwamba anatafuta jibu linalotakiwa, na Émérance akainamisha kichwa ili asimharibie.

"Bihogo?" Sauti ilimtoka ndogo. "Ilikuwa ng'ombe yetu, Muzee. Ya kahawia. Tulikuwa na ile moja tu. Ilikufa usiku wa volkano. Nishimwe alikataa kuiacha, baba yake akamubeba kwa nguvu. Mutoto alilia mwezi muzima, hakulilia nyumba, alilia ng'ombe." Alisita. "Nani amewaambia habari ya Bihogo?"

Askari mlangoni aligeuza uso. Chefu alivua miwani akaifuta kwa shati, akaivaa, akaandika kitu kirefu kwenye rapore, ripoti yake.

Walimtoa Nishimwe saa kumi alasiri. Kaye ilibaki, na mashine ilibaki, na Pascasie alitia dole gumba kwenye karatasi inayosema binti yake hataonekana tena barabara ya Kibati na kitu cha kuandikia. Nishimwe alikuja akitembea mwenyewe. Viganja vyake vilikuwa vimevimba kama mikate, akavinyoosha mbele yake visiguse nguo. Mama yake alimfunika khanga mabegani na kumsemesha chini kwa chini Kinyarwanda, kisha akakumbuka walipo, akanyamaza.

Émérance alisogea. Tangu Jumapili alikuwa na maneno mengi.

"Nishimwe..."

"Uliwaonyesha," msichana alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Mule ndani nilisikia muziki wa mchezo wangu. Mwalimu, ilikuwa haijaisha. Nilikuwa sijaweka njia ya kufika mjini."

Mama yake alimshika kiwiko, wakavuka barabara, wakaingia kati ya watu.

Émérance hakurudi kambini ila kuchukua sanduku lake. Papa Adalbert alimwambia mashine namba tisa itakatwa kwenye mshahara, na mshahara wenyewe hautatoka. Aliyasema hayo akitazama dirishani, na sauti yake haikuwa na hasira. Ilikuwa imechoka tu.

Novemba vita vikateremka hadi Kibumba, na Kibati yote ikamwagika chini, Kanyaruchinya, kwenye vibanda vya majani na maturubai. Émérance alipanda huko Jumapili tatu mfululizo, akiuliza watu wa kanisa la Kibati. Jumapili ya tatu alimwona Pascasie kwenye foleni ya maji. Alikuwa amekonda, na ilimchukua muda kuamini ni yeye.

"Nishimwe iko wapi, Mama?"

"Nilimupeleka Uganda kwa shangazi yake, mwezi wa tisa. Vidole viwili havikunjiki." Foleni ilisogea, naye akasogeza bidon zake tupu za maji kwa mguu. "Alisema ukija nikuambie usimutafute."

"Ana hasira na mimi?"

"Sijue, mwalimu. Sikumuuliza. Mimi mwenyewe ningekuwa nayo, kama ningepata nafasi." Zamu yake ilifika. Alijaza bidon ya kwanza, kisha ya pili, akazifunga kwa majani ya migomba kwa kuwa vifuniko vilipotea. Alijitwika moja. Ile nyingine aliitazama, kisha akamtazama Émérance.

"Shika hiyo," alisema. "Ni mbali."

Émérance aliinua bidon, wakaanza kupanda, maji yakiwamwagikia migongoni, hadi walipofika kibandani.