Mwanya Kwenye Mafunjo

Uvumi ulianzia kwa wauza omena, dagaa wa ziwani, wa soko la Migori. Gari limekutwa ufuoni, milango wazi, viatu vya vijana vimepangwa juu ya boneti, wenyewe hawaonekani. Ufuo gani? Truphena aliambiwa "huko chini, ziwani," basi. Lakini neno likishaingia sikioni mwa mama halitoki. Alilala nalo, akaamka nalo, akasonga ugali nalo mpaka ukaungua.

Maana kitinda mimba wake, Oliver, alikuwa amepanga safari ya ziwani na rafiki zake, Boaz na Irine. Na hawakuwa wakienda kuvua kwa nyavu kama watu. Boaz aliwahi kufanya kazi karibu na Mlima Kenya, akajifunza huko kuvua kwa nzi wa bandia: ndoano iliyofungwa manyoya ya jogoo, inarushwa kwa fimbo ndefu, kamba ikipepea nyuma kwanza ndipo iende mbele. Mvuvi mwenyewe anaingia majini hadi kiunoni.

Aliposikia hilo la kiunoni, Truphena akasema naye anaenda, kumsalimu dada yake Homa Bay. Boaz alicheka, akasema hajawahi kuona mwanamume akisindikizwa kuvua na mamake. Oliver alinuna njiani hadi mji wa Rongo.

Walilala kwa dada huyo, asubuhi na mapema wakashuka ufuoni kwa gari. Mafunjo yalikuwa yamesimama kama ukuta. Kila Oliver akirusha, ndoano inanasa nyuma. Wakatafuta mahali peupe, wakapata: mwanya mpana kama lango, nyasi zimelala, matope laini. Boaz akasema Mungu amewafungulia mlango. Kina mama waliokuwa wakianika omena hawakuwa mbali, lakini hakuna aliyeenda kuwauliza. Oliver akavua viatu, akaingia.

Truphena alibaki na Irine juu ya mwamba. Aliutazama ule mwanya. Mafunjo hayajikati yenyewe. Hapakuwa na boti, hapakuwa na jiwe la kufulia, wala nyayo za watu. Kisha akaona mavi yametapakaa juu ya vichaka, kama yaliyorushwa kwa ufagio. Akasimama.

Nyuma yao, kwenye shamba la mahindi, kitu kizito kilipumua.

Kiboko, mwenye mavi yale, alikuwa anarudi kutoka malishoni. Njia yake ya kwenda nyumbani, majini, ilikuwa ule ule mwanya, na kwenye mlango wa mwanya alisimama Oliver, amewapa mgongo.

"Oliver," Truphena aliita kwa sauti ya chini. "Tupa hiyo fimbo. Toka kando."

"Mathe, ngoja kwanza. Imenasa."

Upepo ulikuwa umeipeleka ndoano pembeni, ikashika mafunjo. Ili aivute, Oliver alikuwa ameizungusha kamba kwenye kifundo cha mkono, na sasa imekatiza njia, imekazika. Kiboko akiipita tu, atamburuta. Boaz alimwona mnyama, akakimbilia gari. Irine aliziba mdomo.

Truphena alipita ndani ya mafunjo, yakimchanja miguu, sketi imeloa. Alipomfikia mwanawe, naye alikuwa ameshageuka, ameshaona.

"Nyathina, usivute. Mwanangu, tulia."

Fundo halikufunguka. Vidole vya Oliver vilikuwa vimebadilika rangi. Truphena aliinama, akaitia kamba ya nailoni menoni, akauma na kuuma mpaka fizi ikatoa damu. Ikakatika. Wakaanguka kando pamoja. Kiboko akapita karibu hata matope yakamrukia mama usoni, na fimbo ikavunjika chini ya mguu wake kama bua la mtama.

Kiboko alizama kilindini; wao walikaa ndani ya maji, hakuna aliyethubutu kuinuka. Oliver, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa amemshika mamake nguo. Mpaka leo Truphena akisikia ng'ombe wa jirani akipumua gizani, anakwenda kupapasa kitanda cha mwanawe.

Wewe mwenye mtoto anayependa maji, mwambie aepuke haya:

Kuingia ziwani au mtoni kabla ya kuuliza wenyeji.
Kusimama kwenye mwanya wa mafunjo ambao hajui nani aliufungua.
Kuwa kati ya kiboko na maji, hata kiboko akiwa mbali, hata akionekana mpole.
Kufika ufuoni alfajiri au magharibi.
Kudharau mama yake mbele ya rafiki.
Kuzungusha kamba ya ndoano mkononi.
Kuhurumia fimbo badala ya kuitupa.