Mtoto Yuko Mgongo wa Nani

...saba, na tulipaswa kuwa nane, kiongozi wa safari anatikisa kichwa na kuanza upya, kalamu yake ikitupitia hewani mmoja mmoja, dereva aliyeshuka nasi kuyatazama maporomoko ambayo ameshayaona mara mia, mume wangu aliyesimama na viatu vyangu mkononi, wifi yangu kwenye benchi, mume wa wifi pembeni kabisa akiutazama ukuta wa jiwe kama mtu anayeusoma, bwana harusi wa wale wageni tuliochangia nao gari, mimi, na yeye mwenyewe kiongozi anajigusa kifua, saba, anayekosekana ni bibi harusi, amekwenda nyuma ya kibanda kubadili nguo zilizolowa, na Kijiko binti yangu yupo lakini yeye hahesabiwi, kiongozi alitueleza asubuhi garini kabla hatujatoka mjini, kwake mtoto wa kubebwa hana namba, anaandikwa tu yuko mgongo wa nani, kwa sababu mwaka fulani baba mmoja alidhani mtoto yuko kwa mama na mama alidhani yuko kwa baba, wakapanda mlima wote mpaka kwenye gari ndipo wakatazamana... walimkuta huku chini amekaa anachezea kokoto, hana habari, lakini tangu siku hiyo yeye anaandika, basi tunamsubiri bibi harusi, na mkono wangu umo ndani ya begi la bluu la wifi, na sijui niutoeje.

Nilikuwa natafuta nguo kavu tu, Kijiko amelowa manyunyu mpaka fulana ya ndani, nikauliza nani ana kitu cha kumfutia, na mume wa wifi, ambaye tangu asubuhi hajanitazama usoni, akasema taratibu, angalia kwenye begi la bluu, shemeji, nguo zake zimo humo, nikafungua zipu na kweli zimo, gauni, chini yake gauni jingine, na jingine, sita, nguo za ndani zimekunjwa kama za dukani, sabuni mpya ya mtoto, kikombe chenye mdomo, na pembeni kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe, kadi ya kliniki... kadi ya Kijiko inakaa kwangu, chini ya godoro upande wa ukutani, naijua kwa ile pembe aliyoitafuna mwenyewe akiota meno, sasa nani anakwenda kutazama maporomoko na kadi ya kliniki, maji yanauliza mtoto ana kilo ngapi, maji yanauliza amechanjwa... dereva anamtania bwana harusi kwamba mke wake amewakimbia mapema, wengine husubiri angalau mwaka mmoja, watu wanacheka, na mimi nacheka, nasikia kicheko changu kikitoka, chembamba, kama si changu.

Na vifungo, Mungu wangu, vifungo navijua. Hiyo ndiyo kazi yangu, wifi ana mashine sita za kushona sare za shule, mume wangu ndiye mkata vitambaa pale, na mimi naletewa nyumbani fuko la nguo nitie vifungo, tundu nne, uzi napitisha msalaba mara mbili, halafu nauzungusha chini ya kifungo kama shingo na fundo nalificha nyuma, wifi hunisifia mbele ya wateja, anasema kifungo cha wifi yangu hakitoki mpaka kitoke na kitambaa chake, na wiki iliyopita mume wangu akaleta magauni sita madogo chini kabisa ya fuko, nikamuuliza ya nani haya, akasema ya mteja mmoja, akainama kuvua soksi, nami nikamhurumia huyo mama nisiyemjua, nikasema watoto wa umri huu huvuta vifungo wakavimeza, nikapitisha uzi mara tatu badala ya mbili, vidole vinaniuma, mara tatu, na sasa nimevishika gizani ndani ya begi, hiki, na hiki, shingo ya uzi, fundo nyuma... nimemshonea mwanangu nguo za kuondokea nyumbani na nilikuwa naimba. Na upindo, naugeuza kwa vidole, upindo wa vidole vinne, hakuna anayeacha upindo wa vidole vinne kwenye gauni la mtoto anayekuja kutembea siku mbili tatu, huu ni upindo wa kushusha, mwaka huu kidogo, mwakani kidogo.

Mume wangu ananiuliza kitu, maji yanakula maneno, naona midomo tu, nadhani anasema umepata, natikisa kichwa kwamba bado, na yeye anahamisha viatu vyangu kutoka mkono huu kwenda huu, viatu vyangu, miaka mitatu ya ndoa hajawahi kunibebea hata ndoo, leo kwenye mawe yale yanayoteleza kaniambia vua nikushikie, nami moyo wangu ukayeyuka kama siagi, ndivyo nilivyo, mama yangu alikuwa akinicheka, anasema mtu akikugeuzia mgongo utamshukuru kwa kukupa kivuli, na leo nimeshukuru kutwa nzima, wifi kanipa kiti cha dirishani, wifi kanimenyea chungwa na kunitolea mbegu, wifi kasema lala kidogo, nipe mtoto, umechoka wewe, mwaka mzima hujapumzika, nami nikalala, nimelala garini mdomo wazi huku mwanangu akizoea paja jingine.

Wiki mbili zilizopita niliwakuta mlangoni, kaka na dada, wakanyamaza, nilishika neno moja tu la mwisho, wifi alikuwa akisema, atazoea, nikadhani ni Kijiko, kwa sababu siku zile nilikuwa namwachisha ziwa, wifi ndiye aliyeniambia nimwachishe, umekwisha, angalia shingo yako, akaniletea shubiri kwenye kijaluba, nikajipaka, na mwanangu akaja na mdomo wake wazi, akaonja, akanitazama... hakulia kwanza, alinitazama kwanza, kama mtu aliyepewa habari mbaya na mtu asiyemtegemea, siku tisa alilia, siku ya kumi akashika kijiko chake cha bati na hakudai tena, wifi akanipongeza, akasema sasa anaweza kulala popote... popote... na atazoea alikuwa mimi.

Asubuhi kiongozi alisoma karatasi yake, wifi ndiye aliyetuandikisha sote kwa simu, akasoma nani atashuka wapi wakati wa kurudi, kituo cha kwanza watu wawili na mtoto mmoja, kituo cha pili watu wawili, nilimsikia vizuri, nikasema moyoni amechanganya, kituo cha kwanza ni kwa wifi na kwa wifi hakuna mtoto, lakini nikaona aibu kumsahihisha mtu mzima mbele ya wageni, kijana wa watu amevaa shati lake limenyooshwa, nitamwaibishaje, na wifi alisikia, akaitika, tupo... ndiyo maana ni safari hii, ndiyo maana si nyumbani kwangu wala kwake, ni ndani ya gari la watu, na maharusi wameketi nyuma na dereva mbele, jioni gari litasimama kwake, atashuka na mtoto amelala begani, mume wangu ataniambia kwa sauti ndogo, siku chache tu, mama Kijiko, usifanye watu watutazame, na mimi sitafanya, wananijua, mimi si mtu wa kupiga kelele mbele ya wageni, ningepunga mkono dirishani, huenda ningesema asante.

Kijiko anagonga benchi kwa kijiko chake, ko, ko, ko, wifi anamwimbia, simsikii lakini naona shingo yake inavyokwenda na wimbo, na simchukii, hilo ndilo linalonikaba, natafuta mahali pa kumchukia sipati pa kushika, mimba nne zimemtoka, ya nne ilifika miezi saba, yeye ndiye aliyeniosha nilipojifungua, maji ya vuguvugu, mikono yake mizito, alinikanda mgongo siku arobaini na hakukosa hata moja, hata alipokuwa na homa alikuja, na ile siku ya mwisho nikamwambia, wifi, huyu mtoto ni wako, watu wote husema hivyo, unamwambia jirani, unamwambia muuza mkaa, mtoto wetu sote, ni heshima ya mdomo, mtu anaitika ahsante na kwenda zake, lakini yeye aliweka chini lile beseni, akakaa, akaniuliza kweli, na mimi, mjinga wa watu, nikaona machozi yake, nikasema kweli.

Kweli... niliisema, siwezi kusema sikuisema, lakini basi ungekuja kwangu, wifi, ungegonga mlango ukakaa kwenye kile kigoda ukaniambia, lile neno lako nimelishika, nami ningelia, ningekukatalia, tungelia pamoja mpaka chai ipoe, lakini ungekuwa umeniona mimi ni mtu, si hivi, chungwa limetolewa mbegu, kiti cha dirishani, na mume wangu anaingiza mkono chini ya godoro langu, mimi nipo bombani nafua, anatoa kadi na kuipeleka kwa dada yake kama mtu anayepeleka risiti... hana ubaya, hana roho mbaya hata kidogo, ni kwamba hajawahi kumwambia dada yake hapana, tangu utoto, na mimi nilidhani ni upole, nimeolewa na mtu asiye na hapana na nikajisifu kwa majirani.

Bibi harusi hajatoka, kiongozi anaita tena, dada, jua linatuacha, kutoka nyuma ya kibanda sauti inajibu zipu imekwama, bwana harusi anaulizwa kama anajua kazi ya zipu, wanacheka tena, na katikati ya kicheko mume wa wifi anageuka. Ananitazama. Anatazama mkono wangu ndani ya begi, kisha mimi, hakwepi, macho mekundu kama aliyekesha... na yeye ndiye aliyelibeba begi lile kutwa, dereva alitaka kumpokea akakataa, alijua kila kilichomo, na kanga ya kumfutia mtoto ilikuwepo juu ya benchi, kavu, naiona sasa, iko pale pale karibu na goti lake, angeweza kunirushia hiyo tu, lakini alisema angalia kwenye begi la bluu, shemeji, taratibu, bila kunitazama, kwa sababu nani anaweza kumtazama mtu wakati anamfungulia mlango kama ule... mtu ambaye kutwa nzima nilisema ana kiburi, hanimenyei chungwa, hanipi hata pole. Nilihesabu vibaya. Nimehesabu wema tangu asubuhi na nimehesabu vibaya, yule kijana kiongozi wa safari aliyenishika mkono kwenye jiwe baya akasema hili lina hila, dada, kanyaga lile, bila kutaka kitu kwangu, na huyu mkimya wa pembeni, hao wawili, basi, vingine vyote vilikuwa shubiri iliyopakwa asali, na mimi nawajua wanaopaka, mimi mwenyewe nimempakia mwanangu.

Matiti yananibana, ni wiki ya tatu sasa tangu nimwachishe na nilidhani maziwa yamekatika, labda ni sauti ya maji, yanashuka, nayasikia yanalowesha blauzi iliyokwisha kulowa, hakuna atakayejua lipi ni lipi, natoa mkono begini, kadi nimeipachika kiunoni, magauni nayaacha yalivyo, yote sita, na wifi ananiangalia na kutabasamu, anajifunga mbeleko yangu kiunoni tayari kwa kupanda, anasema kitu, maji yanakimeza, nadhani anasema pumzika wewe, na mume wangu anaweka viatu vyangu chini mbele ya miguu yangu, anavipanga, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto, hajanitazama.

Huyo anakuja bibi harusi, anaomba radhi, zipu imeshindikana kajifunga sweta, kiongozi anasema nane, afadhali, anafungua daftari, nauona ukurasa kutoka hapa nilipo, asubuhi aliandika mama, tuliposhuka wifi akaomba kumbeba, akakata mama akaandika shangazi, na sasa analamba ncha ya kalamu, anatutazama sote, kila mtu yuko alipokuwa, dereva, mume wangu, wifi na mbeleko yangu kiunoni, mkimya pembeni, maji yale yale yanaanguka, anauliza kama alivyouliza asubuhi, kwa sauti ya kazi tu.

"Haya, mtoto yuko mgongo wa nani?"

Na wifi anafungua mdomo, na mume wangu anainama kutafuta kitu chini ambacho hakipo, na mimi, nisiyejua kupiga kelele mbele ya wageni, nasikia koo langu linafunguka kuyashinda maji, mgongo wangu mimi...

Jumatatu mume wangu alikwenda kazini kwa dada yake kama kawaida, nami nikamsikia akirudi jioni nikiwa namnyonyesha Kijiko, na mkononi hakuwa na fuko la nguo za kutia vifungo.