Jiwe la Shimo Namba Kumi na Saba

Jumatatu moja ya mwezi wa tisa, mwaka 1993, saa mbili kasorobo asubuhi, Mishi Jaha alifungua ghala la mawe la ofisi yao ya jiolojia pale Dodoma, akafagia vumbi la Jumapili, kisha akamwaga beseni lililokuwa chini ya rafu ya nne. Beseni hilo lilijaa kila baada ya siku tatu. Maji yalitoka kwenye jiwe moja lenye ukubwa wa andazi, lililoletwa mwaka 1943 kutoka Mnyangala, njia ya Kongwa. Yalikuwa maji matamu, na Sila wa maabara aliyapenda kwa chai.

Wakati wa vita Wazungu walizunguka nyanda za kati wakipima kila kilichokuwa chini ya ardhi: ulanga, yale madini yang'aayo, wa mitambo yao, na maji ya kunyweshea ng'ombe wa kulisha askari. Waliajiri wachimbaji, wakawapa sururu na namba. Jaha bin Makame, baba yake Mishi, alitoka Kondoa akachimba Shimo Namba Kumi na Saba, akayakuta maji kwenye futi ya arobaini. Alipandisha jiwe kwa ndoo, kisha ukuta ukamporomokea. Shaaban, aliyekuwa juu ameshika kamba, alimsikia akiita. Bwana Mpimaji, Mzungu aliyewasimamia, akatazama saa yake, akaona kumtoa kutachukua siku mbili na ratiba ya vita hairuhusu, akaagiza shimo lifukiwe. Ripoti iliyopigwa chapa ilisema: Namba 17, kavu. Watu wa Mnyangala nao wakaambiwa hivyo hivyo, wakaendelea kufuata maji mwendo wa saa tatu kwa miguu.

Wanaosema subira huvuta heri hawajawahi kungoja mtu atolewe shimoni. Mama yake Mishi, aliyekuwa na mimba wakati huo, alingoja mpaka akaingia kaburini mwenyewe. Mishi hakutaka makubwa. Alitaka baba yake atolewe, avishwe sanda, aswaliwe, azikwe kama Mwislamu. Kwa ajili hiyo aliomba kazi ghalani, na kwa ajili hiyo alipekua makabati miaka ishirini na saba, hadi alipolipata daftari la safari la Bwana Mpimaji. Ukurasa mmoja ulikuwa umechorwa mahali lilipo Shimo Namba 17 na kuandikwa kwa penseli: maji matamu, futi arobaini, mchimbaji mmoja amebaki chini. Akampelekea mkuu wake, Halfani Matonya, pamoja na barua ya kuomba shimo lifunguliwe. Afadhali angempelekea fisi bucha alinde.

Nchi ilikuwa imefungua milango, wawekezaji wanaingia kwa msururu, na kampuni moja ilikuwa ikitafuta maji ya kutia kwenye chupa. Halfani aliunyofoa ukurasa, akaufungia kwenye droo yake kwa ajili ya kampuni hiyo. Kisha akaenda Mnyangala na ripoti ya mwaka 1943 mkononi, akawaambia watu kwamba ardhi yao ni kavu, na serikali imeshaandika, wahame tu. Wakahama. Mishi alijibiwa kwa barua ya mstari mmoja: "Kumbukumbu hazionyeshi mtu."

Sasa, watu wa mawe wana desturi moja: jiwe hulambwa. Likilowa mate, rangi zake hujitokeza, na aliyesomea kazi hiyo hawezi kushika jiwe geni asilipitishie ulimi, hata akiwa ukweni. Sila aliwahi kulilamba la Kumi na Saba, mwaka 1979. Kwa siku nne kila alipoinamisha glasi, maji yalibaki humo humo glasini. Siku ya tano alilishika jiwe akasema, "Pole, mzee," na maji yakateremka. Tangu hapo alikuwa akiliamkia kila asubuhi.

Jumatatu hiyo Mishi alilikausha jiwe kwa pindo la khanga, akalipeleka haraka kwa Halfani.

"Mkuu, sampuli hii imebanduka lebo. Hebu niangalizie."

Halfani akaligeuza, akalilamba. "Graniti tu hii, Bi. Mishi. Unanipotezea muda."

Saa nne chai ikagoma kutoka kikombeni. Mchana soda nayo ikagoma. Jumanne muuguzi akamtundikia dripu, ikakataa kudondoka, naye akaandika kwenye cheti: imekataa. Jumatano Halfani aliingia ghalani, midomo imepasuka.

"Lile jiwe lilikuwa la wapi?"

"Mnyangala. Namba Kumi na Saba."

"Dawa yake nini?"

"Mwambie pole. Umtaje kwa jina, Jaha bin Makame. Neno moja tu, mkuu."

Halfani alifikiri. "Nikimpa pole nimekiri kuna mtu. Na kampuni imeshasaini kwamba hakuna mtu."

"Basi kaa na kiu yako."

"Nitakaa nayo."

Mishi alifurahi, wala hakuificha furaha yake. Alijimiminia glasi ya maji, akainywa mbele yake taratibu, akaongeza ya pili. Aliamini kiu ya siku kumi italainisha ulimi wowote. Hapo alikosea: alimjua mwenye kiu, hakumjua mwenye tamaa.

Ijumaa mtambo wa kampuni ulifika Mnyangala, ukatoboa tundu lenye upana wa sahani, pale pale ukurasa wa penseli ulipoelekeza. Kwenye futi ya arobaini maji yakaruka. Halfani, aliyeletwa juu ya kiti, alifungua kinywa chini ya bomba, na maji yakaingia. Alikunywa mpaka vifungo vya shati vikakatika. Tangu siku hiyo maji mengine yote yaliendelea kumkataa, hivyo alitembea na dumu la Mnyangala hata mikutanoni, na katibu muhtasi akaliorodhesha kati ya vifaa vya ofisi. Kisima kikazungushiwa seng'enge na kupewa mlinzi. Wanawake wa Mnyangala waliorudi na ndoo walielekezwa dukani, kwenye chupa.

Wiki iliyofuata mifuko ya sampuli za tundu ililetwa ghalani. Mfuko wa nne uliandikwa: futi arobaini, chokaa. Mnyangala haina chokaa, na Mishi alilijua hilo kuliko alivyojua sura ya baba yake. Akaufungua, akamimina viganjani vipande vyeupe, vyepesi, kimoja kimepinda kidogo. Akakaa chini sakafuni.

Alipoweza kuinuka aliandika kwenye rejista, safu ya aina: "Jaha bin Makame, mchimbaji." Akaipeleka kwa Halfani, akaomba ruhusa ya muda wa saa mbili akazike.

Halfani alisoma. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya jina, akaandika "Chokaa", akatia saini.

"Sampuli haitoki ghalani, Bi. Mishi. Mali ya kampuni hiyo."

Akanyanyua dumu, akanywa. Mishi alisimama palepale, akalisikia kila funda likishuka. Alimchukia kwa moyo wake wote, na chuki hiyo haikumzuia Halfani kumeza.

Alirudi ghalani. Aliufunga mfuko kwa kipande cha bafta ya sanda, na Sila akamsaidia kuulaza rafu ya chini, kuelekea kibla. Mishi akaswali. Sila, ambaye ni Mwanglikana, alisimama nyuma yake mikono imening'inia, akaitikia amina pale alipodhani panafaa. Kisha Mishi akaketi mezani akajaza fomu ya mapokezi, nakala tatu: chokaa, gramu mia mbili na kumi, imepokelewa katika hali nzuri.