Dawati la Mti wa Uzio

Jumatatu ya kwanza ya Februari mwaka tisini na tano, Mwalimu Mkuu Jotham alisimama mlangoni pa darasa la saba akahesabu madawati badala ya watoto. Shule ilikuwa upande wa Masoko, katikati ya migomba. Asiye na dawati lake alirudi nyumbani, na aliyerudi nyumbani asingeandikishwa mtihani wa kumaliza. Walirudi thelathini na wawili. Zamani ilitangazwa kwamba elimu ni bure, na tangazo lile hakuna aliyelifuta. Liliachwa tu nje, likanyeshewa.

Sekela alikuwa mmoja wao. Wazazi wake walikufa mwaka mmoja, akabaki na bibi yake Esnath. Bibi akaenda kwa Hezron, fundi seremala. Hezron alisema hana mbao. Tangu biashara iwe huria, mbao zinapakiwa kwenye malori hukohuko msituni, zinakwenda Dar. Alichokuwa nacho ni magogo mabichi ya mti wa uzio, ule ambao huku Rungwe ukiuchomeka leo, wiki ijayo unachipua.

"Nipe mkungu mmoja, bibi, tumalizane," alisema. "Ila msiliweke penye maji."

Lilikuwa dawati baya kweli. Mwalimu Jotham hakutaka kuliona mbele, akaliweka nyuma kabisa, chini ya tundu ambalo upepo uling'oa bati mwaka themanini na saba. Sakafu ilikuwa ya udongo. Na mvua ya huku inajulikana. Kufikia Machi dawati lilikuwa limeshika mizizi. Jumatano moja lilimwinua Sekela usawa wa ubao, Ijumaa yake likamfikisha kwenye kenchi za paa, na kabla ya Pasaka alikuwa ametokea tunduni na daftari lake, ameketi vilevile, magoti pamoja. Saa tisa alishuka kwa upande wa nje, akaenda kuchota maji. Asubuhi alipanda tena.

"Sekela," mwalimu aliita mahudhurio.

"Nipo, Mwalimu."

Akaandika: yupo, juu.

Kamati ya shule ikakaa. Mwenyekiti alisema dawati lile halina vipimo, hivyo mtoto arudishwe nyumbani. Mwalimu Jotham akaeleza kwamba kwa utaratibu mtoto hurudishwa kupitia mlangoni, na huyu hapiti tena mlangoni. Bibi Esnath alikuwa dirishani, ametua mzigo wa majani ya migomba.

"Matofali ya darasa hili tulifyatua sisi, mwaka wa sabini na sita," alisema. "Mimi nilichota maji, mama yake huyu akakanyaga udongo. Matofali hayakuchipua, ndiyo maana mmeyasahau."

Katibu aliyaandika maneno hayo vizuri, wakaendelea na mengineyo.

Kule juu Sekela aliwaona wenzake wote thelathini na mmoja. Wengi walikuwa kwenye chai, vikapu mgongoni. Naima alikuwa kwenye genge la mama yake, akipanga maparachichi. Basi kila alichosema mwalimu, Sekela akakirusha kwao. Saba mara nane, na mashamba ya chai yakajibu hamsini na sita. Wachumaji watu wazima nao wakaitikia, na chai ikachumwa kwa jedwali la saba mpaka la kumi na mbili. Siku moja Mwalimu Jotham alikosea hesabu ya sehemu, kilima kizima kikamsahihisha. Akafuta, akashukuru, akaendelea.

Wa kwanza kuja alikuwa Naima.

"Nikatie na mimi tawi," alisema akiwa chini. "Liwe nene, mimi si mwepesi kama wewe."

"Wewe unahitaji shina zima," Sekela akamjibu, akamkatia mawili.

Naima aliyachomeka nyuma ya darasa. Wengine wakafuata, kila mmoja na kijiti chake. Kufikia Juni yalikuwa madawati thelathini na moja yenye majani, na mwalimu akawaandika wote: wapo, nje.

Mtihani ulifanyika madawati yakiwa yamechanua maua mekundu. Msimamizi kutoka Tukuyu aliomba ngazi, akampelekea Sekela karatasi yake, akashuka, akagawa nyingine kwenye maua. Nyuki hawakumsumbua mtu. Saa ya mwisho ilipogongwa akina mama wa chai walipiga vigelegele, na Bibi Esnath akacheza mpaka khanga ikamdondoka. Ndaga fijo, alimwambia mti, asante sana, kama mtu amwambiavyo jirani.

Januari madawati yale yakarithiwa na darasa lililofuata. Jumatatu ya kwanza Mwalimu Jotham alisimama mlangoni akatangaza kwamba madawati yanarefuka mno, na kila mtoto alete mchango wa kupogolea. Walirudi nyumbani kumi na tisa.

Wiki hiyohiyo Sekela alipata barua. Alikuwa amechaguliwa kwenda sekondari, na ilimtaka afike na godoro, jembe na kiti chake mwenyewe. Bibi aliomba asomewe mara mbili, akacheka, akamtuma kwa Hezron. Alimsisitizia gogo liwe bichi.