Kikombe Chenye Nyoka

Wifi yangu Bibiana ndiye aliyekata uzi. Silvano alikuwa amelala kitandani mwetu, hapa Kitangari, kidevu kimefungwa kitambaa, nasi tukisubiri maji ya kumwoshea. Bibiana aliutia wembe uzi mweusi shingoni mwa kaka yake, akaitoa medali aliyoivaa tangu mwaka tuliooana, akaniwekea mkononi pamoja na uzi wake.

"Kaa nayo mpaka arobaini, Mama Flora," alisema. "Baada ya hapo ni ya Alfredi."

Alfredi ni mwanawe, na kwetu vitu vya mjomba huenda kwa mpwa. Sikuwa na ubishi. Lakini Bibiana alikuwa na lake la kuongeza, kwa ile sauti ya utani ambayo wifi anaruhusiwa hata msibani.

"Unajua mama alimvisha kwa nini? Kwa ajili yako wewe. Binti wa Kiislamu kutoka Masasi, nani alijua unakuja na nini kwenye chungu?"

Wanawake waliokuwa chumbani walicheka kidogo. Nilidhani kile kipande cha shaba kingekuwa na joto. Kilikuwa cha baridi.

Sikuwahi kumuuliza Silvano habari za medali hiyo. Dini yake ilikuwa yake na yangu yangu. Sikukuu zangu alimwita jirani yetu Hamidu aje kuchinja kuku, na Jumapili mimi nilimpigia pasi shati. Picha za ile medali zilikuwa zimelika kwa jasho. Mzee mwenye ndevu, basi. Mengine ni vivimbe tu. Nilichojua ni kwamba tangu tulipomzika Flora wetu, aliyekufa kwa kuhara mwaka ule kisima cha bondeni kilipogeuka tope, Silvano alikuwa akiinama na kuichovya kwenye maji ya kunywa. Nilipanda mlima na ndoo kichwani, nikatua, nikajaza vikombe, naye akachovya; sikuangalia kipi. Niliona ni majonzi yake. Kila mtu ana yake.

Sasa maneno ya Bibiana hayakunitoka. Maji yale niliyachota mimi. Chakula kile nilikipika mimi. Nilitaka kujua, kabla medali haijaondoka, mume wangu alikuwa akiniogopa au la.

Nilipanda gari hadi Masasi, kwa Sista Esther, mtawa mzee aliyenifundisha kushona nikiwa msichana. Aliitazama medali, akaigeuza, akasema macho yake hayaoni kitu hapo. Kisha akaenda jikoni akarudi na unga wa muhogo kwenye kisosi. Aliupaka kwa kidole, akapangusa juu juu kwa kitambaa. Unga ulibaki kwenye mifereji, na picha zikatokea, nyeupe.

Mzee ni Mtakatifu Benedikto, alinieleza. Mkono mmoja msalaba, mkono mwingine kitabu. Pembeni kunguru: huyo alichukua mkate wenye sumu akautupa mbali. Na upande wa pili kikombe chenye nyoka, kwa sababu watawa wenzake walimtilia sumu kwenye divai. Alipokibariki, kikombe kikapasuka. Nyuma kulikuwa na msalaba na herufi zimeuzunguka. Sista alisema kila herufi ni mwanzo wa neno la sala dhidi ya shetani.

"Inasemaje mwishoni?" nikauliza.

"Inasema, sumu yako kunywa mwenyewe."

Nilimshukuru. Alinifungia medali kwenye karatasi, akaniuliza kama nimekula, nikamwambia nimekula.

Nilifika nyumbani jua bado liko juu, kiu imenishika, nikaenda kwenye kabati la vyombo. Vikombe vyetu vilikuwa viwili, vya bati, vilivyonunuliwa siku moja. Chake cheupe, changu cha bluu. Nilichukua cheupe, sijui kwa nini, nikakitazama ndani. Kilikuwa kizima, rangi haina mkwaruzo. Nikachukua cha bluu. Chini ya ukingo, upande wa ndani, rangi ilikuwa imebanduka mahali pamoja, pana kama ukucha, bati limeonekana, jeusi. Niliitoa medali, nikaishika kwa uzi, nikaiteremsha kikombeni kama alivyofanya yeye. Ilining'inia, ikayumba, ikagonga palepale. Kikombe changu, si chake.

Nikakaa chini na kikombe mapajani.

Arobaini ilipofika nilimvisha Alfredi mbele ya watu, kwa uzi mpya. Bibiana aliuliza kama kweli nilikwenda mpaka Masasi kuuliza picha za medali. Nikasema nilikwenda.

"Kuna nini basi?"

"Kikombe," nikasema. "Chenye nyoka."

"Nilikwambia mimi."

"Uliniambia, wifi."

Nikaenda kupakua wali.

Siku hizi bomba limefika karibu na nyumba. Maji nayachemsha, nayaacha yapoe, nakunywa kwa kikombe cha bluu.